Kimya cha Baada ya Shikamoo

Nasikia mnataka kukiondoa kile kimya. Castory, fundi mitambo wenu na wangu, amenipigia simu kuniambia kwamba meneja mpya hakipendi. Anasema msomaji wa habari akishatamka "Shikamooni wazee wetu," televisheni inakaa bubu muda mrefu mno, watu wanadhani umeme umekatika, na vijana wanahamia kwingine. Mtakaa kikao wiki hii. Mimi sina kura katika kikao hicho kwa sababu nimestaafu. Castory hucheka nikilitumia neno hilo, maana hata arobaini sijafika. Lakini mtu akikalia kiti kimoja tangu alipotoka chuo kikuu, kisha akasimama mwenyewe na kurudi kwao Mpepai kupalilia kahawa, mtamwitaje?

Kwa hiyo nawaandikia ninyi mliobaki, na hasa Devota aliyepewa kiti changu. Devota anasoma habari vizuri, ila anasoma kama mtu anayekimbia mvua. Sitaeleza nilipandaje cheo. Kituo chetu hakikuwa na ngazi nyingine isipokuwa ile ya kwenda juu ya paa kunyoosha dishi.

Nilifika Mbinga na shahada yangu, nikiwa nimefundishwa kushuku kila kitu, na jambo la kwanza nililolishuku ni jengo lenyewe. Studio ilikuwa ghala la zamani la kahawa. Kuta zilikuwa zimefunikwa magodoro na magunia ili sauti isirudi, na taa zikishapata joto, harufu ya kahawa mbichi ilitoka kwenye magunia yale ikakaa kooni. Niliuliza kwa nini hatukupata chumba cha kawaida. Nikauliza kwa nini saa ya ukutani imesimama. Nikauliza kwa nini karatasi za habari zimechorwa kwa penseli kama daftari la mtoto. Kabla jua halijazama nilikuwa nimepewa jina. Castory aliniita Dada Kwanini, na mpaka leo sidhani kama mkewe anajua kwamba naitwa Imelda.

Ndipo akaingia Mama Skola.

Ninyi wengi hamkumkuta. Alikuwa ameanza kusoma habari wakati kituo kinaonekana mjini tu, na kwa wengi wa huku yeye ndiye alikuwa habari yenyewe. Bei ya kahawa haikuwa kweli mpaka aitamke. Juu alivaa koti jeusi na kidani. Chini, ambako kamera haifiki, alivaa kanga na kandambili.

"Watu wananiona nusu," alisema alipoona namwangalia miguu. "Nusu iliyobaki ni yangu."

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Soma taratibu."

Sikuwa nimeshika hata karatasi. Baadaye nilijua kwamba hivyo ndivyo alivyomwitikia kila mtu aliyekuwa chini yake kikazi, hata mfagizi. Mfagizi alikuwa akinong'ona, "Nisome nini sasa, Mama, vumbi?"

Alinifundisha kazi kwa penseli. Mstari mmoja mfupi maana yake vuta pumzi. Miwili maana yake inua macho, watu waone kwamba yupo mtu. Jina la mahali au la mtu lilizungushiwa duara, na hukuruhusiwa kukaa kwenye kiti kabla hujalitamka mbele ya mwenyeji wa huko. Kwa ajili ya kitongoji kimoja cha ziwani aliwahi kunituma stendi nikamtafute abiria aliyezaliwa kule. Nilirudi nimelowa, nikiuliza kama kuna mtazamaji ambaye angejua tofauti. "Wenyewe," alisema, akaendelea kujipaka poda.

Jioni ile ya kwanza nilikaa kwenye kiti cha pili, kusoma hali ya hewa na bei za mazao. Castory alituwekea vile vidude vya sikioni ambavyo fundi hutumia kutusemesha tukiwa hewani. Muziki ukapiga. Mama Skola akainua macho. "Shikamooni wazee wetu," akasema, kisha akanyamaza. Hakuangalia karatasi. Aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu aliyesimama mlangoni kwa watu akisubiri kukaribishwa. Nilidhani amesahau maneno. Nikawa najiandaa kumsaidia.

Sikioni mwangu mtu akaitikia, "Marahaba."

Ilikuwa sauti ya mzee, isiyo na haraka. Sauti ya mtu aliyekaa na aliyekwisha kula. Nilishika sikio. Niligeuka kumtazama Castory nyuma ya kioo, na Castory alikuwa anatafuna karanga. Mama Skola akasema, "Na wengine nyote, habari za jioni," akaanza kusoma.

Baada ya taarifa alinikuta nimesimama kwenye korido na kidude mkononi.

"Umemsikia?" akaniuliza.

"Nani?"

"Basi umemsikia. Asiyesikia huniuliza nimesikia nini. Hakuna anayeuliza nani."

Sikulala kwa hasira. Nilijua nimetaniwa, ofisi zote zina mchezo wa kumtia mgeni adabu. Kesho yake nilianza uchunguzi. Nilibadilisha kidude. Nilikihamishia sikio la pili. Nilimtoa Castory chumbani, nikamweka mlinzi amshike shati kule nje wakati salamu inatoka. Nilizima televisheni ya mapokezi, ambako wagonjwa wa zahanati ya jirani walipenda kuja kukaa, kwa kuwa miongoni mwao mzee yeyote angeweza kuitikia. Mwishowe nilichomoa waya kabisa, nikakaa na kidude kisichounganishwa na kitu chochote duniani.

"Marahaba."

"Labda waya unanasa simu za watu," nilimwambia Castory.

"Dada Kwanini, waya ule nimeununua mimi mwenyewe hapo sokoni. Haujui hata kuamkiwa."

"Wewe humsikii?"

"Mimi nasikia kelele ya feni. Naombeni mniache na feni yangu."

Habari ya kile kimya niliipata kwa Mama Skola mwenyewe, kipande kwa kipande, tukisubiri umeme urudi. Baba yake alikuwa wa Chiwanda, kule chini ziwani karibu na mpaka. Mnara ulipojengwa na picha zetu zikafika huko, mzee alinunuliwa televisheni na sola, akaketi kumtazama mwanawe. Siku ya pili alipiga simu amekasirika. "Unaniamkia halafu unanikatisha," alisema. "Nimefungua mdomo, wewe umeshafika kwenye mbolea. Mtoto gani huyo?" Kuanzia siku hiyo Mama Skola alinyamaza kidogo baada ya shikamoo, ili baba yake apate nafasi ya kuitikia. Wazee wengine wakadhani ni kwa ajili yao, na kweli ikawa kwa ajili yao pia.

Kisha mzee akapanda boti kwenda Mbamba Bay, upepo wa mwera ukavuma, na boti haikufika. Abiria wengine ziwa liliwarudisha mmoja mmoja. Yeye halikumrudisha.

"Kwa hiyo alifariki," nilisema. Nilikuwa kijana, na nilipenda sentensi ifike mwisho.

"Wewe ulimwona?"

"Hapana."

"Basi usimsomee."

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yake ngumu kuliko zote. Mtu ambaye ziwa halijamrudisha, hatukusema amekufa. Tulisema hajaonekana. Niligombana naye juu ya hilo siku boti ya wachuuzi wa usipa, dagaa wa huku ziwani, ilipopotea na serikali ya kijiji ikatuambia tusome majina ya marehemu. Nilisema tunawadanganya watu kwa upole. Alichukua penseli, akafuta neno moja, akaandika jingine, akasoma. Siku chache baadaye wachuuzi wawili walikutwa wamekaa juu ya jiwe upande wa pili wa rasi, weusi kwa jua, wakigombania kofia. Niliiandika habari yao mimi. Mama Skola akaisoma kama habari nyingine yoyote, jambo lililoniudhi.

Nilikwenda Chiwanda mwenyewe, na nilikwenda kwa nia mbaya. Nilijipangia habari ya ukaushaji wa dagaa, ila nilichotaka ni kuona nyumba ile. Siku hiyo ziwa lilikuwa limetoa visubi, vile vidudu vinavyopanda juu ya maji kama moshi wa nyumba inayoungua, nguzo baada ya nguzo, bila moto chini. Wifi yake Mama Skola, mwanamke mcheshi mwenye mikono yenye magamba ya samaki, alinipokea kwa ugali na samaki aina ya mbasa. Ilipokaribia saa ya habari akatuingiza chumba cha mzee.

"Mgeni, kaa mkekani. Kile kiti hapana."

Kilikuwa kiti cha mbao chenye mto uliobonyea katikati. Televisheni ikawashwa. Watoto wakakaa. Mama Skola akatokea, nusu yake, akasema, "Shikamooni wazee wetu." Chumba chote kikanyamaza. Mtoto mdogo kuliko wote alijiziba mdomo kwa viganja viwili. Bibi mmoja jirani, ambaye kwa umri alistahili kabisa kuitikia, alikuwa amekaza midomo. Nilitega masikio yote mawili. Nilisikia maji yakigonga mchanga, na mbuzi.

Mama Skola akaendelea, na bibi akashusha pumzi. "Haya, marahaba, mwanangu," akaiambia televisheni.

"Mbona hukuitikia mapema, bibi?"

"Kabla ya mwenye nyumba? Mimi ni mtu wa adabu."

Nikamgeukia wifi, nikijiona nimeshinda. "Mama yangu, sikusikia sauti yoyote. Ninyi mmesikia?"

Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga. "Sisi tumsikie kwa lipi, dada? Sisi tumemwamkia? Anayeamkia ndiye anayeitikiwa. Sisi kazi yetu ni kumnyamazia."

"Na kaburi?"

Akaacha kucheka. "Msalaba tuusimike juu ya nini?"

Nilirudi Mbinga na picha nzuri za dagaa.

Mtu wa kwanza kujaribu kukiondoa kimya si huyu meneja wenu. Tulipata mwingine kabla yake, kijana safi kutoka mikoa ya kaskazini, aliyekuja na tai nyingi. Alisema kimya hewani ni ugonjwa. Aliagiza muziki upigwe mara tu shikamoo inapotoka, na Mama Skola aingie moja kwa moja kwenye habari. Mama Skola hakubisha. Aliniambia tu, "Kaa karibu yangu leo."

Aliamkia. Muziki ukaruka juu ya salamu. Akaanza kusoma habari ya bei ya kahawa, na alipokuwa katikati ya sentensi ile sauti ikaja. Haikuja sikioni. Ilitokea nyuma yetu, karibu, kati ya migongo yetu na magunia, kama sauti ya mtu aliyepiga hodi, akakosa jibu, akaamua kuingia.

"Marahaba."

Mama Skola aliacha kusoma. Hewani, mbele ya watu wote, aliinamisha kichwa na kusubiri, kisha akaendelea. Castory alitoka chumba chake mbio na vipokea sauti vikiwa vimemning'inia shingoni.

"Nani yumo humu? Nani kaingia?"

Hapakuwa na mtu. Harufu ya kahawa ilikuwa imekwisha chumbani. Palikuwa na harufu ya maji.

Kesho yake simu ya ofisi haikutulia, ingawa hakuna hata mmoja wa wapigaji aliyesikia sauti. Walikuwa wazee, na walikuwa na lalamiko moja: "Mnatuamkia huku mnakimbia kama mmefukuzwa na nyuki?" Nasikia wa mwisho kulalamika hakupiga simu: alikuwa mama mzazi wa meneja, aliyekuwa amekuja kumtembelea. Alimsubiri sebuleni akamuuliza kama huko kazini ndiko alikofundishwa kuwageuzia watu wazima mgongo. Muziki uliondolewa siku hiyohiyo.

Mama Skola alipoamua kurudi kwao, alinipa penseli yake, na akanipa ombi moja.

"Usinizibie baba mlango."

"Mama, mimi siamini mambo haya. Nimetafuta, sijapata maelezo, lakini kukosa maelezo si kuamini."

"Sijakuomba uamini. Nimekuomba usubiri."

Nikakubali, kwa sababu kusubiri ni jambo ambalo hata mtu asiyeamini anaweza kulifanya.

Jioni yangu ya kwanza kwenye kiti cha katikati niliamkia, nikainamisha kichwa kama nilivyoona. Hakuitikia mtu. Nilisoma habari mpaka mwisho nikiwa nimepata ushindi nilioutafuta kwa miaka, na sikuutaka tena. Simu iliita kabla sijafuta poda.

"Kakuitikia?"

Nilijua anataka kusikia nini. "Hapana, Mama."

"Nilijua," alisema kwa furaha, kama anayezungumzia mbuzi aliyerudi zizini. "Yuko huku. Tangu nirudi anaitikia hapahapa, hata nikimwamkia asubuhi. Basi nilitaka nijue asije akawa anachoka kwenda na kurudi."

"Sasa kimya nikiache?"

"Kwa nini? Wazee wamekwisha wote?"

Nikakitunza. Kilikuwa kitupu, na nilizoea utupu wake. Nilisikia taa zikilia kwa sauti ndogo, na tumbo langu mwenyewe.

Miaka ikapita. Jioni moja, ya kawaida kabisa, nilisema, "Shikamooni wazee wetu," nikainama, na sikioni mwangu mwanamke akasema:

"Marahaba. Soma taratibu."

Nilitabasamu hewani. Nilidhani Castory ameniunganishia simu. Nilisoma, nikainua macho kwenye mistari miwili, nikatazama kioo. Castory alikuwa amesimama, simu sikioni, mkono wa pili juu ya kichwa. Picha za mpira zilipoanza aliingia.

"Imelda," akasema.

Sikuwahi kumsikia akiniita hivyo.

"Mama Skola amefariki. Wamepiga sasa hivi."

Nilimuuliza Castory swali la Mama Skola mwenyewe. "Kuna aliyemwona?"

"Wifi yake kamfumba macho. Wanasema leo alikwenda kukaa kwenye kiti cha baba yake, watu wakashangaa. Ulipoamkia akakuitikia kwa sauti. Baada ya hapo hakusema tena."

Mpira ulikuwa unakwisha. Nilichukua penseli, nikalizungushia jina lake duara, ingawa nililijua. Nikasoma. Wenye kumbukumbu wanasema sijawahi kusoma taratibu kama siku ile.

Baada ya maziko nilirudi kwenye kiti, na hapo ndipo nilipoharibika. Nilikuwa nafika ofisini kwa ajili ya ule muda wa baada ya shikamoo. Habari zilikuwa kitu kilichofuata. Nilianza kukirefusha kimya, kidogo, halafu si kidogo. Hakuna aliyeitikia, si mwanamume si mwanamke. Castory alinivumilia, kisha akaniuliza kwa upole ambao sikuuzoea kwake, "Dada Kwanini, unasubiri nini?" Msomaji wa habari ambaye hazingoji tena habari anapaswa kusimama. Nikasimama, nikamwachia Devota.

Hayo ndiyo niliyotaka kuyasema. Lakini kuna jambo moja la juzi, na bila hilo nisingeshika kalamu.

Tulikuwa nyumbani, mimi na mama yangu, tunapukuchua maharage mbele ya televisheni. Wewe Devota ukatokea. Ukaamkia. Nyumbani kwetu anayeitikia ni mama, lakini mama alikuwa amesinzia, ganda la maharage mkononi. Kimya kikakaa chumbani. Kikawa kizito. Mimi si mzee, Devota. Anayeniamkia mimi ni watoto wa shule tu, tena wakiwa na shida. Lakini mdomo wangu ulifunguka wenyewe, kwa sauti ndogo, kama mtu anayeitikia ndotoni.

"Marahaba," nilisema. "Soma taratibu."

Na wewe ukashika sikio.

Nilikuona. Uligeuka upande wa kioo, kumtafuta Castory, kama nilivyogeuka mimi. Huenda lilikuwasha tu. Huenda Castory alikuwa anakusemesha. Nimepanga maelezo yote kwa mstari, ninayo mengi, na simu ninayo hapa mkononi. Mtu anayeuliza kila kitu angekuwa amekupigia siku ileile. Sijakupigia. Ninyi wengine, kwenye kikao ondoeni mnachotaka, lakini kwanza mmoja wenu amuulize Devota alisikia nini.

Mimi, Devota, najua nilichokiona tu. Ulishusha mkono. Ukavuta pumzi pasipokuwa na mstari. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu upewe kiti kile, ukasoma taratibu.